Seti ya gari la kujijengea: nunua chasisi, mengine waachie mafundi wa Nakuru

Nianze na hukumu, maana najua wengi watasoma hapa juu tu. Seti ya gari la kujijengea nyumbani, la aina ya Seven, iliyotoka Uingereza ikaishia katika kibanda changu cha mabati hapa Lanet, naipa sita kwa kumi. Chasisi peke yake ningeipa tisa. Vingi vilivyobaki sandukuni vingekaa huko huko Uingereza na nisingevikosa. Mafundi wa jua kali wa Nakuru, ambao hakuna brosha iliyowataja, ndio waliofanya kitu hiki kiitwe gari.

Jina la kampuni naliacha. Nilinunua mkono wa pili kwa mkulima wa Njoro aliyekuwa ameianza kazi, akachoka, akaifunika kwa magunia ghalani. Kilichoharibikia ghalani si kosa la kiwanda, na kilichopotea sina wa kumlaumu. Hata hivyo kuna ya kusema, kwa sababu seti hizi zinafanana sana, na kila nikisikia watu wanaulizana bei ya kuagiza, najua kinachowavuta ni picha.

Kwa asiyelijua gari lenyewe: Seven ilianza 1957, kazi ya Colin Chapman wa Lotus. Viti viwili, paa la turubai lisiloaminika, milango ya jina tu, na uzito mdogo mno. Liliuzwa vipande vipande kwa sababu Uingereza ya wakati huo ilitoza kodi ya mauzo gari lililokamilika, na mtu akijiunganishia mwenyewe alikuwa anaikwepa. VAT ilipoingia 1973 faida hiyo ikaisha, Lotus ikauza haki zake kwa Caterham, ambao wanalitengeneza mpaka leo, na wengine wengi wakaiga umbo lake. Inasimuliwa kwamba sheria ile ya kodi haikuruhusu kuweka maelezo ya kuunganisha, basi Chapman akaweka maelezo ya kufungua, mnunuzi ayasome kinyumenyume. Nikikitazama kijitabu changu naona mwandishi wake bado anamwogopa mtoza kodi. Kuna kurasa na kurasa za ukaguzi wa Uingereza unaoitwa IVA, mpaka kukuambia kingo za nje ziwe na mviringo usiopungua milimita 2.5. Sura ya breki ni nusu ukurasa na picha moja iliyoiva weusi.

Na usijidanganye kwamba vipande vitapita forodhani kimyakimya. VAT yetu ya 16% haichagui kipande wala kitu kizima, na ushuru wa forodha uko palepale.

Sasa chasisi. Imeundwa kwa bomba la mraba la inchi moja, geji 16, lile lile la mageti na madirisha ambalo limejaa kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia hapa hadi Busia. Welda mmoja wa karibu na stendi alipoiona juu ya kanta alicheka: "Fundi, hii si ni geti imelala?" Nikamwambia apime. Tulivuta futi kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kona zile nyingine mbili, na tofauti haikufika milimita mbili. Akanyamaza. Yeye mwenyewe anajua kwamba joto huvuta chuma, na kwamba geti likipinda kidogo bawaba hulisamehe. Chasisi ikipinda, gurudumu moja litabeba zaidi ya mwenzake, gari litavuta upande mmoja, na hutapata nati ya kukaza ili likae sawa. Kuipata nyoofu kunahitaji meza nzito iliyosawazishwa na mtu mwenye subira ya kuchomelea kwa kurukaruka, huku kidogo na kule kidogo, chuma kikipoa katikati. Mabomba ya mshazari yanayogawa kila mraba kuwa pembetatu ndiyo yanayoipa nguvu, na kila moja lazima lifike penye kona hasa, lisiishie sentimita tatu kando. Hapo kiwanda kimefanya kazi ya pesa yake. Kama bajeti yako inafika kwa kitu kimoja tu, kiwe hicho pamoja na mikono ya sasipensheni ya mbele, ambayo nayo ilikuja imenyooka na bushi zake zimekaa.

Shida ilianzia pale chasisi ilipokutana na Kenya. Seti iliundwa ikimfikiria mtu mwenye Ford Escort kuukuu uani kwake, na Uingereza ya miaka hiyo walikuwa wengi. Hapa Escort ina heshima yake: Hannu Mikkola alishinda nayo Safari Rally 1972, na Björn Waldegård akarudia 1977. Heshima hiyo ndiyo iliyotuponza. Difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma) na vipuri vya Escort sasa vinawindwa na watu wa rali za magari ya kale, na bei wanayotajiana si ya mtu anayetengeneza friji. Kwa sababu mimi hiyo ndiyo kazi yangu: friji, vyumba vya baridi, na mashine za kupoza maziwa mpaka Molo na Olenguruone.

Nilichokuwa nacho ni Toyota DX. Watu wa rika langu hawahitaji maelezo. Vijana wajue ni Corolla ya KE70, injini mbele, propela (bomba linalozunguka kupeleka nguvu nyuma) katikati, difu nyuma, mpangilio ule ule ambao Seven inautaka. Kuna DX za baadaye zinazovuta kwa magurudumu ya mbele. Hizo ziache ziendelee kubeba watu. Injini yake ya 4K ina ujazo wa cc 1290, bloku ya chuma cha kalibu, kabureta moja, na hakuna kompyuta ya kukuzungusha. Ikifa unaweka 5K ya 1486, ambayo vipuri vyake bado vipo kwa kuwa ilifungwa kwenye Liteace na kwenye foklifti. Chukua injini na giaboksi kutoka gari moja zikiwa zimeshikana. Ukianza kuoanisha injini ya huyu na giaboksi ya yule, utakuwa umejiongezea kazi ya kukereza ambayo hakuna aliyekutuma.

Vishikio vya injini vilivyokuja kwenye seti vilikuwa vya Ford, na vya difu vilevile. Vyote vilikatwa kwa grainda. Ndipo nikapelekwa kwa mzee mmoja aliyejifunza ukerezaji reli, na leo anafanya kazi kwenye kibanda chenye mashine moja ambayo umri wake sikuthubutu kuuliza. Mzee huyu namkadiria kumi kwa kumi, na nisingempa chini ya hapo hata angenitukana.

Propela ya DX ni ndefu kuliko nafasi iliyoko kwenye Seven, lazima ikatwe. Ukisikia mtu anasema atakata propela kwa msumeno na kuichomelea palepale barabarani, mlipe nauli arudi kwao. Mzee kwanza alinirudisha nyumbani nikapime upya, gari likiwa limekaa kwenye magurudumu yake na mawe ya uzito wa watu wawili yakiwa kwenye viti, kwa sababu difu ikining'inia kipimo ni cha uongo. Kisha akaifunga propela kwenye mashine na kuikereza ile weld ya kiwandani polepole mpaka shingo ya yunivasal, kile kiungo cha nchani kinachopinda, ikachomoka yenyewe, bomba halijaumia. Akakata, akairudisha shingo ndani kwa kugonga, na kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea akahakikisha nira za ncha zote mbili zimeelekea upande mmoja. Zikipishana, gari litatetemeka milele hata bomba likinyooka vipi. Halafu akatoa chaki ya shule. Aliizungusha propela taratibu akaisogeza chaki mpaka ikagusa, na pale palipojitokeza nje ndipo palipobaki na alama nyeupe. Akagonga hapo kwa nyundo ya shaba, akafuta kwa kidole, akazungusha tena. Alirudia mpaka chaki ikachora mstari uliozunguka bomba lote bila kukatika.

"Kijana, usiniharakishe," akasema.

"Mzee, mimi natazama tu."

"Kutazama ndiko kuharakisha kwenyewe."

Akaweka vidoa vinne vya weld vinavyokabiliana, akapima tena kwa chaki, ndipo akamaliza mzunguko. Gharama ya kazi hiyo yote haikufika bei ya tairi mbili mpya. Propela haina mtetemo wa kusikika mpaka leo.

Breki ndizo ninazotaka mzisome kwa makini, hata kama hamna nia ya kujenga chochote. Seti ilikuja na mabomba ya breki yaliyokwisha kukunjwa na kutengenezwa midomo, na mkulima wa Njoro aliyasifia sana wakati wa kuniuzia. Midomo hiyo ni ya Kizungu: ncha imevimba mviringo kama kitufe. Silinda za Toyota zinataka mdomo wa faneli uliokunjwa mara mbili. Hatari ni kwamba nati za pande zote mbili ni milimita 10 na uzi wao ni mmoja, kwa hiyo inaingia kwa vidole bila ubishi. Unakaza, inashika, unaridhika. Ukikanyaga pedali kwa nguvu mara kadhaa, maungio yanaanza kutoa jasho. Mtu asiyejua huongeza kukaza, mpaka anaharibu kiti ndani ya silinda, na sasa silinda nzima ni ya kutupa. Nilikata ncha zote na kuzitengeneza upya kwa kifaa cha mdomo wa mara mbili. Kifaa changu cha friji hakifanyi kazi hiyo. Kinakunja mara moja tu.

Na kwa kuwa wengi mnajua kazi yangu, mmeshaniuliza kama bomba la shaba la friji haliwezi kutumika kwenye breki. Haliwezi. Shaba tupu ikitikisika muda mrefu inakakamaa, na ikikakamaa inapasuka, kwa kawaida palepale karibu na nati. Kisha presha ya breki ukizikanyaga kwa hofu ni mara kadhaa ya ile ya gesi iliyo nyuma ya jokofu lako. Tumia bomba la chuma, au lile la mchanganyiko wa shaba na nikeli. Fundi atakayekuambia "lakini hata fulani alitumia", mwache na fulani wake.

Mfuko wa bolti ulikuwa na upungufu na mchanganyiko wa inchi na milimita. Nyingi nilinunua upya, zenye alama ya 8.8 kichwani, bolti zisizo na alama zikae kwenye mabati ya banda la kuku. Bolti za mikanda ya viti tu ndizo nilizoziacha za inchi, kwa sababu uzi wa 7/16 ndio unaotumika kwa mikanda karibu kila mahali.

Bamba za alumini za mbavuni nazo sikuzitumia. Zilikuwa zimekunjika ghalani, na aliyezikata mpya ni fundi wa sufuria. Alichukua kipimo kwa katoni, akakunja ukingo kwa nyundo ya mbao juu ya kipande cha reli, na ukipitisha kiganja huhisi alama ya nyundo. Nilichomsimamia ni kimoja: kati ya alumini na chuma lazima kuwe na gundi ya kuziba kabla ya kupiga ribiti. Metali hizo mbili zikigusana na maji yakaingia katikati, alumini huanza kutoa unga mweupe na kuliwa kimyakimya.

Pua ya fibaglasi ilikuwa na ufa mrefu. Niliipeleka Kisumu kwa fundi anayetengeneza boti, maana hao wanajua fibaglasi kuliko mtu yeyote wa magari ninayemjua. Aliitazama akasema ufa anaweza kuuziba, ila afadhali atoe kalibu kutoka kwenye pua hiyo nipate mpya yenye tabaka zaidi. Aliniambia nifike asubuhi na mapema, kwa sababu joto la Kisumu likipanda, resini huganda kabla hujamaliza kuipaka kwenye nyuzi, na kupunguza kigandishi kupita kiasi nako kuna hatari ya kubaki na kitu kinachonata. Pua mpya ni nzito kuliko ya Uingereza. Pia imeshagonga mwamba wa lango la shamba na haikupasuka. Naipa nane, ile ya awali nne. Mwishoni alitaka kuipaka buluu ya boti bila malipo. Nikakataa, mama watoto akanishangaa.

Nyaya sitazieleza sana. Seti ya nyaya iliyokuja ilikuwa na rangi za Kiingereza na maungio yaliyooza. Nilitoa za DX nikazifupisha. Kazi ya jioni na redio.

Majirani? Walio na umri waliniuliza kama ninafufua Nyayo Pioneer, lile gari ambalo Rais Moi aliliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi 1986, likaonyeshwa 1990, na halikuingia sokoni. Vijana, tangu mbio za dunia zirudi Naivasha 2021, kila mmoja ni dereva wa rali. Wanachouliza ni kama lina turbo. Halina. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye urefu huo injini ya kabureta hupoteza karibu sehemu ya tano ya nguvu zake. Ukiirekebisha kabureta ikae vizuri hapa, kumbuka kwamba Kisumu, chini zaidi kwa mita mia saba hivi, hewa ni nzito na mchanganyiko huo huo utakosa petroli ya kutosha. Pamoja na hayo gari hili halihisi uchovu, kwa sababu halina cha kubeba. Seven za namna hii huwa na uzito wa kilo 500 hadi 700. DX ile ile iliyokuwa ikinung'unika kupanda Salgaa sasa injini yake inasukuma kitu ambacho vijana wanne wanakiinua upande mmoja bila jeki.

Kasoro kubwa ya muundo wenyewe, ambayo hakuna fundi anayeweza kuiponya kabisa, ni urefu kutoka chini. Gari hili lilichorwa na watu wasiojua tuta la Kenya. Sampu, yaani beseni la oili chini ya injini ya 4K, inaning'inia chini kuliko bomba za chasisi. Nimefupisha sampu, nimeweka springi ndefu kidogo, na chini kuna bamba la chuma la milimita tatu. Bado kuna matuta mbele ya shule fulani ambayo ningeyapita kwa sala tu. Mwenye kuishi kwenye njia ya murram asijisumbue na Seven. Atafute umbo la bagi la pwani juu ya fremu ya Volkswagen ya kobe. Hilo lilibuniwa na Bruce Meyers kule California 1964 kwa ajili ya mchanga, na hapa kobe bado wapo.

Mtaniuliza nambari za gari. Utambulisho wa gari uko kwenye chasisi, na chasisi hii si ya DX, kwa hiyo usifikirie kuhamisha nambari za gari la zamani kwa mlango wa nyuma. Hilo ni kosa la jinai hata kama fundi fulani atakuambia anamjua mtu. Nenda NTSA, mamlaka inayosajili magari Kenya, kabla ya kulipa senti ya kwanza, ukiwa na stakabadhi za forodha na za kila kipuri kikubwa. Stakabadhi ya injini ni muhimu zaidi. Anayekuuzia injini bila karatasi anakuuzia matatizo ya mtu mwingine. Langu kwa sasa linazunguka ndani ya shamba la shemeji yangu Rongai, kwenye barabara ya kati ya mahindi, na huko halihitaji ruhusa isipokuwa ya ng'ombe.

Kwa hiyo, ukiniuliza kama ningenunua tena seti kamili: hapana. Ningenunua chasisi, mikono ya mbele, na raki ya usukani, nilipie kontena nafasi ndogo, na fedha iliyobaki niigawe kati ya mzee wa chaki, fundi wa sufuria na yule wa Kisumu. Asiye na DX asubiri mpaka aipate. Asiye na mahali pakavu pa kufungia vitu asianze kabisa, maana theluthi ya niliyoyalipia upya yaliharibiwa na unyevu wa ghala.

Vishikio vya Ford nimevihifadhi kwenye debe, pamoja na yale mabomba ya breki niliyoyakata ncha na kitabu cha IVA. Mwenye Escort inayovihitaji aje Lanet avichukue bure. Mabomba ya breki nitampa kwa sharti kwamba atayatumia kwa kitu kingine.